Sekunde Tisini za Raundi ya Pili

Shangazi mpendwa,

Naandika nikiwa nimekalia kinu chako. Nilikihamisha, lakini kiko kama ulivyokiacha, mdomo chini, hapa Nanyala nje ya mashine yangu ya kusaga, na wateja wanaosubiri unga wanakigombea kwa sababu hakiumizi kama benchi. Hakuna hata mmoja anayejua kwa nini kilifudikizwa. Mimi nilidhani najua. Miaka kumi na minane nilidhani najua, na ndiyo maana nilikuja kwenye mazishi yako nikiwa bado nimenuna. Nilibeba jeneza mbele, upande wa kushoto, nikahesabu hatua kutoka mlangoni kwako hadi kaburini, mia mbili na kumi na nne, na sikutoa chozi.

Barua hii naiacha wazi. Wasome na wengine, hasa wale wanaosimama kando wakati mtu wao yuko ulingoni.

Nilipokuja kwako Itaka nilikuwa na miaka kumi na mitano. Kaka yako, yaani baba yangu, alikuwa ameshafariki, na nguo zangu zote zilikuwa mwilini. Mashine ya kijiji ilikuwa inafanya kazi wiki moja na kulala tatu, ikisubiri beringi kutoka upande wa Zambia. Kwa hiyo ulikuwa unatwanga. Siku ya pili tu ukanipa mchi. Nikakwambia hiyo ni kazi ya wanawake. Ukanijibu, "Sawa baba yangu, basi jioni utakula chakula cha wanaume," na jioni hukunipa kitu. Ulikuwa unaniita baba yako kwa sababu nilirithi jina lake, lakini utii wote ulitoka kwangu.

Tulitwanga wawili, mchi wako na wangu, kinu kimoja. Nilianza kwa fujo. Baada ya dakika tano nilikuwa nimeinama, nakohoa.

"Unatwanga kama mtu anayeua nyoka," ulisema. "Nyoka ameshakufa. Toa pumzi mchi ukishuka. Ukipanda, usivute kitu. Acha ijae yenyewe."

Nilipata saa ya mkononi kwa mwalimu wa shule ya msingi nikapima. Mapigo thelathini kwa dakika. Ulikuwa hubadiliki. Ungeweza kwenda hivyo saa nzima huku unazungumza habari za majirani. Ni mwishoni tu, mahindi yakishakoboka na kubaki pumba kidogo, ndipo ulipoongeza: sitini kwa dakika, mchi juu ya mchi, mpaka unasema basi. Hiyo tuliita kumalizia. Kila aliyetwanga na mwenzake anaujua mdundo ule. Maana yake mzigo umeisha, mwaga nguvu zote zilizobaki.

Vijana wakipita na baiskeli walinipigia kelele: "Oya, bi harusi! Unaolewa lini?" Ulikuwa unawajibu wewe: "Akioa atakula ugali. Nyie mtakula nini?"

Nilipoanza mieleka ndipo nikajua umenipa nini. Pale Tunduma makuli wa malori walikuwa wanashindana Jumamosi mchana, wa kwetu na wa Nakonde ng'ambo ya mpaka, na karibu wote walikuwa na nguvu kunizidi. Lakini walikuwa na pumzi mbili tu, moja ya kuingilia na moja ya kulia. Mimi nilikuwa nakumbatiana na mtu dakika nzima, natoa pumzi kila pigo la mchi ambao haupo, nasubiri achoke. Wakichoka nawapiga ngwala. Wakanibatiza Mtwangaji. Walidhani ni tusi.

Mashindano yale unayakumbuka, ingawa hatukuyataja tena hata siku moja. Kikosi kimoja kutoka Mbeya mjini kilikuja kutafuta wacheza mieleka. Mmoja kwa kila uzito, na anayechukuliwa anapewa ajira ya kudumu, sare na kitanda. Nafasi moja. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikuwa na shamba, wala baba, wala cheti. Nilikuja jikoni nikakwambia, nikishinda hii, sitakuwa mzigo kwa mtu tena. Ulisema, "Nani amekwambia wewe ni mzigo?" Halafu ukauliza ni saa ngapi lori linaondoka.

Mpango ulikuwa wako. Ungekaa kando ya ulingo na debe tupu na mwiko, ugonge thelathini kwa dakika, nisikie hata watu wakipiga kelele. Uji wa ulezi saa nne kabla, basi, maji ya kusukutua tu. Tulifanya mazoezi wiki sita, mimi nikikumbatiana na gunia la mahindi uani, wewe umekaa juu ya kigoda, ko, ko, ko.

Siku yenyewe mizani ilikuwa ya wanunuzi wa kahawa, wale wa binafsi waliokuwa ndio kwanza wanaingia Mbozi. Ni ile ya kuning'iniza. Tukaning'inia mmoja mmoja, mikono kwenye ndoano, miguu tumekunja, kama magunia. Karani akasoma yangu: "Sitini na saba, toa moja ya gunia, sitini na sita."

"Mzee, gunia liko wapi?" nikamuuliza.

"Mizani hii inatoa kilo ya gunia. Ndivyo ilivyo siku zote."

"Mimi siyo kahawa."

Watu wakacheka. Sichone ndiye aliyecheka zaidi, yule kuli mfupi mpana waliyemwita Tani Mbili. "Mtoleeni na pumba," alisema. Kikomo kilikuwa kilo sitini na nane. Yeye alisomwa sitini na tisa, toa gunia, sitini na nane. Alipita kwa gunia ambalo hakulivaa. Nikataka kwenda mezani kubishana. Ulinishika shati.

"Baba. Hiyo kilo moja utaibeba mgongoni au kichwani?"

"Mgongoni."

"Basi itoe kichwani."

Kilo ile bado nawadai, Shangazi. Lakini nilikaa.

Nikashinda wa kwanza, nikashinda wa pili, na fainali ikawa mimi na Sichone. Kusubiri ndiko kulikoniua. Mapaja yalianza kutetemeka peke yake. Nilikwenda kukojoa mara nne na mara zote hakuna kitu. Mdomo ulikauka mpaka ulimi ukashika meno. Ulinitazama, ukafungua kanga yako, ukatoa ungo na maharage kama kilo mbili.

"Chambua. Nataka mawe yote."

"Shangazi, watu wanaona!"

"Na waone."

Nikakaa chini kwenye kivuli cha lori, mbele ya umati ule, nachambua maharage. Mzambia mmoja akapita akanisalimu kwa Kibemba, "Mulishani mukwai, leo mnapika?" Sichone akapiga kelele kutoka upande wa pili, "Mtwangaji, usisahau nazi!" Lakini vidole vikitafuta jawe dogo haviwezi kutetemeka. Mawe kumi na saba. Nilipookota la kumi na saba mapaja yalikuwa yametulia, na nilikuwa nawaza maharage tu. Sijaona dawa ya woga inayozidi ile mpaka leo.

Ulingo ulikuwa turubai la lori lililotandikwa juu ya maranda ya mbao. Raundi mbili, dakika tatu kila moja, katikati mapumziko ya dakika moja. Kumwangusha mtu ni alama moja. Mabega yote mawili yakigusa chini mchezo umekwisha.

Raundi ya kwanza alikuja kwa kasi, kama nilivyojua. Aliniinua mara moja akaniangusha kiubavu. Alama yake. Nikaamka, nikamkumbatia kiuno, nikaweka sikio langu kifuani kwake. Ko, ko, ko. Moyo wake ulikuwa unakwenda mara nne ya debe lako. Nikatoa pumzi kila pigo. Ngwala ya kwanza, alama. Ngwala ya pili, alama. Filimbi.

Mbili kwa moja. Ulinipa maji nikasukutua nikatema. Hukusema neno. Naona sasa kwamba hukusema neno.

Raundi ya pili sikuhitaji kushinda chochote. Nilihitaji kusimama dakika tatu. Sichone alikuwa anahema mdomo wazi, mate yananing'inia kidevuni, na mikono yake imeanza kushuka. Nilimshika, nikamlalia, nikampa uzito wangu wote auvumilie. Alininong'oneza, "Ingia basi, mwanamke wewe." Sikuingia. Ko, ko, ko. Mtunza saa akapiga kelele: "Dakika moja na nusu!"

Na hapo debe likabadilika.

Ko-ko-ko-ko. Sitini kwa dakika. Niliusikia mdundo ule kabla sijafikiri kitu. Ulinifika miguuni kwanza. Kumalizia. Nikawaza: Shangazi ameona kitu nisichokiona, mtu huyu amekwisha, mzigo umeisha. Nikaachia kiuno nikaingia miguuni. Nilimnyanyua, akajitupa juu ya mgongo wangu. Nikamnyanyua tena. Debe linazidi, na mimi nazidi, pumzi zinaingia nusu na kutoka nusu. Mara ya tatu mikono ikakataa. Haikuuma, iliacha tu kuwa yangu. Sichone alinipiga kabali, akageuka, nami nikageuka naye. Nakumbuka harufu ya dizeli kwenye turubai. Bega la kulia. Nikakaza shingo. Bega la kushoto.

Sekunde ishirini na mbili zilikuwa zimebaki. Nilimuuliza mtunza saa mwenyewe.

Filimbi ililia, watu wakaingia ulingoni wakambeba Sichone, na wewe ulikuwa bado unagonga debe. Umesimama, macho hayapo popote, mwiko unapanda na kushuka. Mama mmoja ndiye aliyekushika mkono.

Tulirudi nyuma ya lori la kabichi. Nilisubiri useme kitu mpaka tunashuka. Ulichosema ni, "Kesho kuna palizi." Asubuhi nilipoamka nikakuta kinu kimefudikizwa uani. Nikauliza, leo hatutwangi? Ukajibu, "Mashine imepona." Haikuwa imepona. Nilipita pale makusudi, mlango una kufuli. Ulikuwa unabeba mahindi kichwani mwendo wa saa mbili mpaka mashine ya kijiji cha pili, na saa mbili kurudi, ili usishike mchi mbele yangu.

Nilifanya hesabu ya mtu wa miaka kumi na tisa. Jibu likaja: amenionea aibu. Tena yeye ndiye aliyeniponza. Alinipa kumalizia sekunde tisini kabla ya wakati, nimeongoza, na sasa hataki hata kutwanga na mimi.

Nikaondoka. Sichone alichukua ajira yangu Mbeya, na mimi nikaenda Tunduma nikachukua ukuli wake. Hilo lilinichekesha miaka sita, kila gunia nililobeba. Baadaye nikawa fundi msaidizi wa mashine, kisha fundi, kisha nikasimamisha yangu, na ya pili. Nilikuwa nawaambia watu hakuna aliyenishika mkono. Nilikuja kukuona sikukuu, na unga nikikuletea, gunia zima, uliosagwa vizuri. Nilikuwa nakuletea unga kama mtu anayerusha jiwe. Wewe ulikuwa unapokea kwa mikono miwili na kusema, "Asante baba yangu."

Miaka mitatu baada ya kukuzika, kimetokea kitu.

Nyuma ya mashine nafundisha vijana mieleka. Ninao tisa. Aliye bora anaitwa Masanja, ana miaka ishirini, familia yao ni wafugaji waliohamia bonde la Momba na ng'ombe wao. Mtaratibu mpaka anakera. Nimemfundisha kila kitu chako, pumzi ya mchi, uji wa saa nne, ungo wa maharage. Na debe nagonga mimi. Niliapa kwamba mimi sitakosea, kwa sababu mimi ni mtu wa hesabu.

Wiki tatu zilizopita alipanda fainali ya mchujo Tunduma. Safari hii anayechukua vijana ni kikosi kingine, lakini nafasi ni ileile, ajira, kitanda, na mmoja tu. Raundi ya pili Masanja anaongoza kwa alama moja. Mpinzani wake akamsukuma mpaka ukingoni, karibu na mimi, nikaona mshipa wa shingo ya Masanja umesimama. Niligonga thelathini. Nakuapia, Shangazi, nilikuwa na hakika nagonga thelathini.

Masanja alishinda kwa alama ileile moja. Nikamkumbatia, nikamwambia, "Umeona? Mdundo!"

Akanitazama kwa heshima, kama wanavyomtazama mzee aliyesahau kufunga zipu. "Mwalimu, samahani. Ulikuwa unakimbia."

"Nani?"

"Wewe. Debe lilianza kukimbia, nikaliacha liende."

"Acha utani. Mimi?"

"Nyumbani ng'ombe mmoja akistuka wote wanakimbia, Mwalimu. Mtu ukikimbia nao unapotea. Mimi nimezoea kubaki."

Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa amerekodi kwa simu. Nikamwomba, nikakaa kwenye tairi na saa mkononi, nikaangalia mara nne. Dakika ya kwanza, mapigo thelathini na moja. Ya pili, arobaini na nne. Ya tatu, sitini na sita. Na filimbi inalia, Masanja anainuliwa mkono, na pembeni kuna mwanaume mwenye mvi mbili tatu, amesimama, macho hayapo popote, bado anagonga debe.

Nilirudisha simu ya watu nikaenda kusimama nyuma ya lori.

Kwa hiyo haikuwa kumalizia. Hukuona kitu ambacho mimi sikukiona. Uliona kile kile, mtoto uliyemlea amekumbatiana na mtu aliyemzidi kilo, na dakika moja na nusu kati yake na maisha. Ukaogopa. Mikono ikaenda. Wiki sita tulikaa tukipanga woga wangu, uji wake, maji yake, mapigo yake, na wewe ulikaa kando ya turubai na woga wako wote bila hata ungo. Mimi ulinipa mawe kumi na saba ya kuokota. Wewe nani alikupa?

Na kinu hukukifudikiza kwa aibu yangu. Ilikuwa yako. Ulijua mikono yako ilifanya nini, na hukutaka nikusikie unagonga kitu tena.

Nitasema na hili, kwa sababu hesabu inataka pande zote. Masanja alilisikia debe likikimbia akaliacha. Mimi niliongoza kwa alama moja, nilikuwa na pumzi, nilijua kabisa kwamba kusimama kunatosha, na nililifuata. Nililifuata kwa sababu nilikuwa nimechoka kuogopa na nikataka iishe. Mdundo wako ulinipa ruhusa. Nusu ya zile sekunde tisini ni yangu. Arobaini na tano kwako, arobaini na tano kwangu.

Lakini neno ninalo bado, na sitalimeza eti kwa sababu umelala chini. Ungeniambia. Kwenye lori la kabichi, au siku yoyote niliyokuletea ule unga. "Baba, niliogopa." Ni maneno mawili, Shangazi. Ningekasirika wiki moja, mbili, halafu ningecheka. Tungetwanga. Badala yake ulitembea saa nne kwa siku na debe la mahindi kichwani, na mimi nikabeba magunia ya watu miaka sita nikikulaumu, wote wawili tukiwa na pumzi za kutosha na hakuna aliyezitumia kusema.

Sasa naacha kuandika kidogo, nisimame.

Haya. Nimekigeuza. Kilikuwa kizito kuliko nilivyokumbuka. Ndani kuna nyumba ya nyigu, kavu, na chini kabisa lile bonde laini lililochimbwa na michi yetu miwili. Mteja mmoja amelalamika kwamba nimemnyima kiti. Nimempa benchi.

Jumamosi ijayo Masanja anapanda mara ya mwisho, mbele ya wanaochukua. Mama yake anakuja kutoka Momba, na tayari amenipigia simu mara tano kuuliza kama mwanawe amekula. Debe nitaliacha nyumbani. Kijana ana mdundo wake tumboni. Nitabeba maharage, na nyungo tatu.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, uliyeniita baba.